Maili Hamsini za Jeanine

Mwaka 1966 nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Mchana nilibeba magunia ya pamba Kasese, jioni nilisoma hesabu katika chumba cha parokia. Mwalimu Kezironi alitufundisha kwamba umbali ukiugawanya kwa mwendo, unapata muda. Nilimshukuru Mungu kwa somo hilo. Mke wangu Jeanine alikuwa amebaki Beni, ng'ambo ya mpaka, na vita vilikuwa vimetutenga karibu miaka miwili.

Jumanne mchuuzi mmoja aliniletea neno: Jeanine angeondoka Jumatano alfajiri kwa miguu, na mgongoni mtoto ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Nikafungua daftari. Kutoka Beni hadi daraja la mpakani, maili hamsini. Mwenye mzigo huenda maili kumi kwa siku. Jibu: siku ya tano, Jumapili, siku yangu ya mapumziko! Mwalimu akaweka alama ya vema kwa wino mwekundu.

Nyapara alisema tu, "Jumatatu asubuhi uwe hapa. Hauko, kazi hakuna."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza pale Bwera, upande wetu wa mpaka, nilikaa karibu na daraja. Kila kitenge cha buluu, kama cha Jeanine, kilinisimamisha. Aminah, muuza chai, alinicheka tangu adhuhuri.

"Papa Anselme, hii barabara utaimaliza na macho."

"Nimepiga hesabu, mama. Ni leo."

"Bibi yako iko Mukatoliki?"

"Sana. Rozari alinifundisha yeye."

"Basi! Na leo iko siku gani? Bibi iko kanisani, papa, miguu imepumzika. Kunywa chai."

 Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kusali, lakini ndani ya daftari nilikuwa nimemtembeza Jeanine siku ya Bwana kama lori.

Jua lilipoanza kushuka, lori la Kasese lilipiga honi. "Papa, panda, tunaenda!" utingo akaita. Nilimfikiria nyapara. Nilifikiria masomo, maana bila kazi hakuna karo. Kisha nikamfikiria Jeanine akifika kesho na kukuta daraja tu.

Nikafungua daftari, nikafuta "tano" kwa kidole kilicholowa mate, nikaandika "sita". Alama ya vema ikabaki pale pale, nyekundu.

Lori likaondoka. Nikasogeza kigoda cha Aminah mbele kidogo, upande wa Kongo.

Ee Bwana, nikasema, mwache apumzike vizuri leo. Mimi nipo.