Nundu ya Alfajiri

Sumaya ndiye aliyemleta Dorothée kwao Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wote wawili walikuwa wakimalizia masomo ya nishati chuo kikuu, kila mmoja akiunda modeli yake: hesabu za kompyuta za kukisia Bujumbura itahitaji umeme kiasi gani miaka ijayo, hadi 2050, ikiwa mvua zitapungua na mabwawa kushuka. Nafasi ya kuwa msaidizi wa Profesa Sylvère ilikuwa moja tu. Dorothée, Mkristo kutoka Gitega, alitafuta familia ya mjini itakayomruhusu kupima umeme wa jikoni, na Sumaya akamjibu bila kufikiri, "Kuja kwetu tu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mwenyeji huyu alianza kukonda. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mama yake, Bi Zubeda, alimpenda mgeni tangu futari ya kwanza. Chapati ya juu, ile yenye moto, ikawa ya Dorothée.

"Huyu mutoto anajua kukaa na watu," mama alisema, huku akimtazama Sumaya.

Sumaya aliona wivu, wivu hasa, ule wa mtoto anayenyang'anywa paja la mama yake. Ukifika wakati wa daku alijifunika shuka gubigubi akajifanya amelala, asiwaone wale wawili wakipiga soga jikoni. Akawa anafunga na tumbo tupu kwa ajili ya kisirani chake mwenyewe.

Alasiri moja Dorothée alikwenda kumsaidia mama kumenya ndizi, akaacha kompyuta wazi. Sumaya akachungulia. Mchoro wa umeme ulipanda jioni, kama ilivyo kila mahali, ukashuka, kisha ukapanda tena kabla ya alfajiri na kufanya nundu kama ya ng'ombe. Akaelewa papo hapo kuwa ile ni daku. Masikini wa Mungu, amepima mwezi wa Ramadhani akadhani ndivyo mji unavyopika mwaka mzima! Modeli yake ingeutafutia mji umeme wa kupikia chakula ambacho miezi kumi na mmoja hakuna anayekila. Neno moja lingetosha kumwokoa. Sumaya alilimeza, na likashuka tamu kuliko tende.

Siku ya kutetea kazi zao, miezi miwili baada ya Idi, Dorothée alitangulia. Walimu waliuliza hili na lile, lakini nundu haikuguswa. Profesa Sylvère alipotaka kufunga, Sumaya aliona windo lake linaponyoka. Akanyoosha mkono.

"Hiyo nundu ya alfajiri ni nini? Mji muzima unapika saa hizo?"

Dorothée akatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa na hila. "Asante, dada. Niliogopa hakuna atakayeniuliza."

Akaonyesha mchoro mwingine. Ramadhani alikuwa ameitenga na miezi mingine, tena akaifuata inavyorudi nyuma mwaka hadi mwaka. Miaka ya 2040, alisema, itaangukia kiangazi, mabwawa yakiwa chini, na hapo ndipo nundu itakapoutesa mji.

"Ni Mama Zubeda aliyenifumbua macho," akaongeza. "Tulikuwa tunaongea wakati wa daku. Sumaya alikuwa amelala."

Profesa Sylvère alimgeukia Sumaya. Hakuwa na nia mbaya. "Na katika modeli yako, Sumaya, watu wa Buyenzi wanakula daku?"

Modeli yake aliiundia mezani, kwa wastani wa nchi nzima. Mtoto wa Buyenzi, aliyezaliwa na kukulia humo, alikuwa ameusahau mtaa wake.

"Hawali, Profesa," akasema. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hiki alikichimba mwezi mzima.

Nyumbani alimkuta mama anapakua pilau. Mama hakungoja hata avue viatu.

"Doro amepata ile nafasi?"

"Amepata."

Vigelegele vya Bi Zubeda vilisikika hadi kwa majirani. Alicheza kidogo, mwiko mkononi, akamshukuru Mungu, akatoa sahani nzuri za wageni. Alipokuwa anazipangusa ndipo akakumbuka.

"Na we, mwanangu?"

Sumaya alizitazama zile sahani. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani.

"Mi niko na njaa, Mama," akasema.