Laptopu ya Shadiah

Hajara alikuwa akikoroga uji wakati Shadiah, jirani yake wa chumba cha pili, alipopiga hodi kuchukua laptopu yake. Ndivyo walivyoishi: mchana Shadiah aliitumia kupiga na kuchapa picha za pasipoti barazani, mjini Jinja, jioni alimwazima Hajara aende nayo kwenye masomo.

"Kale dada, leta mashine. Watu ya pasipoti watakuja mapema."

Uji ukafurika ukamwagikia makaa. Hajara hakuwa nayo.

Jana jioni, baada ya darasa, alikuwa amekwama. Katika Rust, lugha ya programu aliyoanza kujifunza, kila kitu kina mwenyewe mmoja. Ukikiazima, unakisoma na kukirudisha. Ukijaribu kumpa mtu mwingine kiwe chake, programu haianzi kabisa. Kila alipojaribu, maandishi mekundu yalimkatalia: huwezi kutoa ulichoazima. Hajara aliona ni ukorofi tu wa mashine. Mara Hajji Muzafaru, mwenye nyumba, akatokea mlangoni pa chumba chake. Swichi ya umeme wa vyumba vyote iko kwake, na akinuna, wapangaji wote wanalala gizani.

"Nipatie hiyo. Mwanangu Ibra anaitaka kidogo."

Hajara akampa. Aliona aibu kusema si yake. Hata kwenye kituo cha mafunzo alidanganya kwamba ni yake, maana wasio na laptopu zao hawapokelewi.

Sasa Hajara alimpeleka Shadiah kwa Hajji, wakamkuta bombani akipiga mswaki.

"Ibra ameenda nayo Mbale, kwa shangazi yake mtaa wa Nabuyonga. Atarudi Ijumaa."

"Hajji, ile ni ya Shadiah," Hajara akasema.

"Jana hukusema. Mimi niliomba, wewe ukanipa. Nimeiba?" Akatema povu, akaendelea kusugua meno.

"Hukumwambia?" Shadiah akauliza.

Hajara akatikisa kichwa. Shadiah hakugomba; alichukua kistuli chake akaenda barazani mikono mitupu. Heri angemtukana.

Hajara naye hakungoja jioni. Alikwenda kituoni kumwona mwalimu wake, Mugweri, akamweleza yote.

"Ni ya jirani, mwalimu. Sijawahi kuwa na yangu."

Mugweri alisikitika kweli, akasema sheria si yake, akalifuta jina la Hajara orodhani. Kituo chenyewe kimebandika tangazo mlangoni kwamba kinasaidia vijana wasiojiweza. Wasiojiweza, basi, waje na laptopu!

Barazani wateja walikuwa bado wamesimama. Mama mmoja alikuwa amejipaka poda na kuvaa hijabu mpya kwa ajili ya picha. Hajara akamwendea.

"Mama, makosa ni yangu, mimi ndiye..."

Shadiah akamvuta pembeni. "Nyamaza. Mimi nimewaambia imeharibika. Wakijua nilimwazima mtu na yeye akaitoa, nani ataniachia kazi yake tena?"

Hajara akakaa na Shadiah mchana kutwa, akimsikia akirudia uongo ule kwa kila aliyekuja.

Jioni waliporudi, taa za vyumba vyote zilikuwa zinawaka. Hajji alikuwa ameridhika: aliomba, akapewa.

Hajara akaingia ndani, akazima ya kwake.