Mtoto Amekuja kwa Miguu

Mpango mpya wa karakana ulipigiwa makofi na wote, na aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa Mjomba. Vitanda sita kwa wiki, kila oda iandikwe ubaoni kwa zamu yake, na mteja asiahidiwe siku isiyowezekana. Meneja, binti wa dada yake, alilala usingizi mnono siku hiyo. Hakujua kwamba viganja vikishapoa, kila mtu hurudia mazoea yake.

Wiki haikuisha. Mjomba, aliyekalia meza ya mlangoni tangu yeye na marehemu dada yake wafungue karakana, alikuwa ameshaahidi vitanda kumi na vinne. Mteja akikunja uso tu, yeye husema, "Njoo kesho." Mtaa mzima ulimwita Bwana Kesho, naye akadhani ni sifa.

Jumatatu akaingia mama mmoja aliyeagiza kitanda cha mtoto akiwa mjamzito. Mtoto mwenyewe alikuja kwa miguu yake.

"Nimemleta aseme mwenyewe," mama alisema. "Mimi nimeshachoka kusema."

Mtoto akaokota maranda sakafuni, akaanza kuyatafuna.

Fundi mmoja, ambaye kwa wembamba wake walimwita Msumari, akanong'ona nyuma ya mbao, "Tungoje kidogo, huyu mtoto ataagiza cha harusi."

Mafundi wakacheka. Mjomba naye akacheka. Kisha wote wakamtazama Meneja, na hapo akaelewa. Akimwacha Mjomba mezani, ule ubao utakuwa pambo la ukuta. Akimwondoa, atamvunjia heshima mtu aliyemfundisha kushika randa kabla hajajua kushika kalamu.

Mchana akamwita pembeni.

"Mjomba, kuanzia kesho urudi kwenye kuunga mbao. Mezani nitakaa mimi."

"Unanitoa mlangoni, mama? Mimi?"

"Hakuna anayeunga mbao kama wewe. Na hakuna anayeahidi kama wewe."

"Marehemu mama yako asingenifanyia hivi."

"Asingekufanyia," alikubali. "Ndiyo maana mtoto amekuja kwa miguu."

Mjomba akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Siku tatu hakuonekana. Oda zilitoka kwa zamu, ila Msumari aliunga droo moja ikawa haifunguki mpaka uiombe radhi. Meneja alishika simu mara kadhaa, akairudisha mfukoni. Angempigia aseme nini? Kwamba amekosea? Hakuwa amekosea, na hilo halikupunguza maumivu hata kidogo.

Siku ya nne Mjomba akaja, akasimama mbele ya meza kama mgeni.

"Nataka kiti."

"Karibu. Cha aina gani?"

"Cha mzee aliyefukuzwa mlangoni."

Meneja akameza kicheko, akageukia ubao. Kuandika "kesho" kungemaliza ugomvi wote. Msumari aliacha kupiga nyundo ili asikie vizuri.

"Wiki tano," alisema.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, Mjomba."

Mjomba akausoma ubao taratibu, kidole kikishuka oda moja moja.

"Ungesema kesho, ningegeuka nirudi nyumbani," alisema, akatundika kofia yake mahali pake. "Haya, kitanda cha yule mla maranda kiko wapi? Tukimalize kabla hajaota ndevu."