Ngoma Ukingoni mwa Lambo

Maji yote ya vuli yalitoroka kwa siku nane. Lambo ambalo watu wa Makurunge walilichimba kiangazi kizima likabaki tope na vyura wawili, na Msabaha, aliyewashawishi kulichimba, hakujua auweke wapi uso wake.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo. Wazee walishasema: masika nayo yakitoroka, kijiji kinahamia Ubena. Mwaija, mkewe Msabaha, alikuwa akiteka maji mto Ruvu, palepale mamba alipomchukua dada yake.

"Kuhama sihami," alimwambia mumewe, "na mtoni nimechoka. Fikiri."

Basi Msabaha akashuka lamboni, akatambaa huku akiubonyeza udongo kwa kidole gumba. Katikati palikuwa pagumu kama sakafu. Kandokando kidole kilizama chote. Akacheka peke yake, kwa uchungu. Desturi yao ilikuwa kuushindilia udongo wa mfinyanzi kwa ngoma, kijiji kizima kikicheza juu yake. Sasa nani atacheza mbali na ngoma? Wote walikuwa wamejazana katikati, wakimzunguka Mbaruku, mpigaji wao.

"Safari hii utapiga ukitembea," alimwambia Mbaruku. "Uzunguke kingo zote."

"Na mgongo wangu?"

"Utapumzika Ubena, ukipenda."

Mbaruku akajifunga ngoma kiunoni. Wakamwaga udongo mpya wa mfinyanzi, wakacheza ukingoni siku tatu, wakinung'unika.

Masika yalipojaza lambo, mvua ikapumzika. Msabaha akachomeka kijiti penye ukingo wa maji. Siku ya nane alikwenda alfajiri. Maji yalikuwa yakikigusa kijiti palepale.

Akaketi. Alikuwa hajapata kuona maji matamu mengi namna ile yakiwa yametulia, mawingu yote yamo ndani, na bata maji wameshafika, sijui nani aliwapa habari. Udongo na nyayo za watu tu ndivyo vilivyoizuia mvua ya Mungu isiende zake.

"Subhanallah," alinong'ona.

Mwaija alikuja na mtungi. Mwanamke huyu maisha yake yote alioga kwa kata moja ya maji. Akautua mtungi, akaingia na kaniki yake, mpaka magotini, mpaka kifuani.

"Mwaija, ya kunywa hayo."

"Leo tu," alisema. "Humu hamna mamba."

Akachota kwa viganja viwili, akajimwagia kichwani, kisha akachota tena.