Betri Nilizoanika Kwenye Redieta

Mwanangu Shireen aliponipa siku nane za kufungasha, mimi nilikuwa nimeshika koleo la chapati, na betri mbili zinafuka moshi ndani ya sufuria ya pilau niliyoisukumia kwenye theluji ya roshani. Nakubali, sura yangu siku hiyo haikunisaidia.

Nina miaka sabini na sita. Naishi St. James Town, hapa Toronto, ghorofa ya kumi na saba, peke yangu, kwa kutaka kwangu. Miaka arobaini nilitafuna paan, tambuu yenye tumbaku. Daktari aliponitisha, nikahamia sigara ya umeme, ile ya kutoa mvuke. Wangu unanukia embe. Daktari hakufurahi, Shireen ndiyo kabisa, lakini mwenye mapafu ni mimi. Na kifaa changu si mchezo: kinameza betri mbili nene kama kidole gumba cha mwanamume, unazitoa na kuzichaji pembeni.

Betri za kwanza zilipochakaa niliagiza nyingine kwa simu. Nilizipenda kwa rangi ya dhahabu na kwa namba kubwa ya ujazo wa umeme iliyoandikwa ubavuni, 9900. Wiki mbili tu, nazo zikalegea. Basi nikafanya tulivyofanya Iringa. Marehemu Jafferali, mume wangu, alikuwa na duka la redio na tochi, na betri iliyochoka tuliianika juu ya bati. Jioni redio inasema tena. Mtu wa umri wangu aliyetoka kule atakwambia vivyo hivyo. Lakini Januari ya Toronto haina jua la kukausha hata leso. Nikazipanga juu ya redieta, lile chuma la kupasha chumba joto.

Shireen aliingia na bakuli la kuku wakati uleule ganda la plastiki linajikunja kama ngozi ya maziwa.

"Mama! Unataka kuunguza jengo zima?" Alisema kwa Kiingereza, maana hasira zake hazijui Kiswahili.

"Nimezitoa, si unaona?"

"Tulikubaliana. Kitu kimoja tu kikiungua, unahamia kwetu."

"Tulizungumzia jiko."

"Jumapili ya wiki ijayo unakuja kula Richmond Hill, na funguo za hapa unanikabidhi. Chumba cha chini kiko tayari. Kina zulia. Shamez amekuwekea hata tochi ya dharura kando ya kitanda, ile yenye mwanga mkali."

Zulia! Kama paka. Chumba chenyewe nakijua: dirisha lake linatazama matairi ya gari la Shamez, mkwe wangu.

Kesho yake nikavaa makoti mawili nikateremka hadi kwa Kinoti, Mmeru wa Kenya mwenye duka la hizo sigara mtaa wa pili, anayeniita shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Nikamwekea mezani maiti zangu mbili ndani ya bati la biskuti. Akaruka nyuma.

"Shosho, hizi ulizifanya nini?"

"Nimezianika."

Alicheka hadi akakaa chini. Halafu akaacha kucheka.

"Zile za redio za zamani ni kitu kingine. Hizi zikipata moto zinalipuka. Mungu anakupenda, lakini usimjaribu tena. Na hii namba nani alikudanganya? Betri ya saizi hii ikibeba umeme wa elfu tatu na nusu imejitahidi. Anayeandika 9900 anakuuzia rangi."

"Basi nifundishe. Na usinifiche kitu kwa sababu nina mvi."

Akanifundisha. Namba ya kutazama kwanza, akasema, ni ampea: umeme ambao betri inaweza kutoa mfululizo bila kupata moto. Akakitazama kifaa changu, akasema kila betri humo inatakiwa kustahimili ishirini, kwa hiyo ya kumi hata ikipakwa dhahabu nisiiguse. Nisinunue kwa mtu asiyejua ilikotoka. Ganda likichanika hata kidogo, nisiitumie tena. Nichaji kwenye chaja yake, nikiwa macho, si kitandani. Na zikiwa mbili, zinunuliwe pamoja, zitumike pamoja, zichajiwe pamoja, zistaafu pamoja.

"Ndoa yangu haikuwa na nidhamu hiyo," nikamwambia.

"Na hizi hazitembei uchi kwenye mkoba, shosho. Zikigusana na funguo au sarafu, moto unaanzia kwapani."

Akanipa kasha la plastiki. Kabla ya kulipa nilizipima mkononi zile alizonichagulia, kama alivyokuwa akifanya Jafferali. Zilikuwa nzito, si kama zile za dhahabu zilizokuwa nyepesi kama maganda. Hapo ndipo nikaikumbuka tochi ya Shamez, maana tochi za mwanga mkali nazo hula betri kama hizi.

Jumapili nikafika Richmond Hill. Hata sijavua koti, Shireen ameshanyoosha kiganja.

"Funguo, Mama."

"Kwanza nionyeshe chumba changu."

Tukashuka. Nikaketi kitandani, nikaichukua ile tochi, nikaifungua mkia. Betri ikadondoka kwenye zulia: ya dhahabu, 9900. Ndugu wa tumbo moja na zangu.

"Shamez, baba, za akiba ziko wapi?"

Mkwe wangu ni mtu wa benki, mpole. Akafungua droo ya meza. Betri mbili zilikuwa zinabiringika humo katikati ya funguo na sarafu, moja ganda limechanika.

"Shireen, niletee mizani yako ya keki."

"Mama, usianze."

"Ilete."

Betri ya tochi: gramu ishirini na tisa. Yangu ya Kinoti: arobaini na sita. Shamez akapima mara ya pili mwenyewe, kisha akaanza kuokota sarafu kutoka kwenye droo moja moja, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Na redieta je?" Shireen akasema. Safari hii kwa Kiswahili.

"Redieta nilikosea, wala sikatai. Nimekosea kwangu, nikaenda kujifunza kwa miguu yangu kwenye barafu. Ninyi mmekosea kando ya kitanda mlichonitandikia. Sasa niambie, nani ahamie kwa nani?"

Shamez alikohoa kuficha kicheko. Shireen alinitazama, akatazama mizani, na kile kiganja alichoninyooshea mlangoni akakitumia kujishika kiuno.

"Utanipigia kila siku," akasema.

"Nitakupigia nikitaka udaku."

Shamez akaziba ncha za betri zake kwa utepe ili azipeleke zinakopokelewa za kutupwa, nasi tukaenda kula. Biriani ilikuwa imepungua chumvi, nikasema. Baadaye nikatoka uani, nikavuta embe langu taratibu mbele ya dirisha la jikoni ili anione vizuri.

Funguo zangu bado zimo mkobani. Betri zina kasha lao.