Tembo wa Shaba Waliotobolewa

Vipande vya shaba vilikuwa sitini, kila kimoja kilo moja, na juu ya kila kimoja kulikuwa na mchoro wa tembo aliyeinua mkonga. Alawi aliviweka chini ya kitanda ndani ya makasha mawili ya mbao. Kwa miezi saba Nusrat, mkewe, kila alipofagia chumba, ufagio uligonga makasha yale naye akanyamaza. Asubuhi hiyo hakunyamaza.

"Baba Kudra, hawa tembo wako watatupeleka Makka, au sisi ndio tutawachunga mpaka tufe?"

Alawi aliweka kikombe cha chai mezani. "Subira kidogo, Mama Kudra. Bei inapanda."

"Magoti yangu nayo hayashuki ngazi. Yaambie yasubiri bei."

Msafara wa Umra wa msikiti wao ulikuwa unaondoka Mbeya katikati ya mwezi wa Rajabu. Walikuwa wamekwisha kulipa sehemu kubwa, ikabaki milioni tatu na laki sita, na mwisho wa kulipa ulikuwa wiki sita mbele. Daktari alikuwa amemwambia Nusrat wazi kwamba magoti yale hayatamsubiri mwaka mwingine. Naye alikuwa na ombi moja tu, alilolirudia kila baada ya sala: atembee kati ya vilima vya Safa na Marwa, kule Makka, mara saba kwa miguu yake mwenyewe, asisukumwe kwenye kiti cha magurudumu kama gunia.

Milioni tatu na laki sita ndizo zilizokuwa chini ya kitanda, zimegeuka tembo.

Alawi alikuwa fundi wa kusuka mota. Katika banda lake pale Mwanjelwa alikuwa amefungua mota zilizoungua kwa miaka thelathini na minane, akitoa waya wa shaba uliokaangika na kusuka mpya. Aliijua shaba kwa mkono, kama mshonaji anavyojua kitambaa. Ndiyo maana Farhan, mkwewe, hakupata taabu ya kumshawishi.

Farhan alikuwa na duka la simu Iringa mjini. Baada ya Idi, Alawi na Nusrat walipokwenda kumtembelea binti yao Kudra, Farhan alimtolea baba mkwe wake kipande kimoja kutoka kwenye mfuko wa kitambaa chekundu. Kiling'aa kama kimetoka kuoga.

"Baba, magari ya umeme yanakula shaba. Mitambo ya jua inakula shaba. Wewe unaifahamu kuliko mimi. Mwakani bei itakuwa juu sana. Pesa ikikaa benki inalala, hii inakua."

Alawi alikipima kiganjani. Hakuwahi kuona shaba safi namna ile. Yeye shaba yake siku zote ilikuwa waya mwembamba, au majivu. Akatuma pesa jioni ileile, na juu yake Farhan akamwongezea kopo la sarafu za kale za senti kumi, zile za wakati wa mkoloni zenye tundu katikati, akisema nazo zitapanda.

Tangu hapo Alawi alishikwa na ugonjwa wa kukisia bei. Aliamka anaangalia simu, analala anaangalia simu. Alipokwenda Igawa kufunga mota za mashine za kukobolea mpunga, alikaa barazani kwa rafiki yake Jailos, mwenye mashine, akihesabu malori yanayotoka Zambia yamebeba shaba kwenda bandarini. Malori yakiwa machache, alisema shaba imeadimika, bei itapanda. Yakiwa mengi, alisema watu wanaihitaji sana, bei itapanda.

"Leo yamepita arobaini na moja!" alisema siku moja, macho yamemtoka. "Jana yalikuwa sita. Kuna jambo huko duniani."

Jailos alicheka mpaka akashika nguzo. "Jambo liko hapo mlimani, fundi. Jana lori lililala njiani, likaziba barabara tangu asubuhi. Haya ya leo ndiyo yaliyokuwa yamekwama."

Alawi naye alicheka siku hiyo. Lakini jambo lililofuata halikumchekesha. Katika sala ya Alasiri, nyumbani, peke yake, alisali rakaa tano badala ya nne. Alipotoa salamu alikumbuka kwamba katika sijda ya mwisho alikuwa anazidisha sitini kwa bei ya jana.

Sasa mkewe alikuwa amesimama mbele yake na ufagio.

"Nikuulize," Nusrat alisema. "Kabla ya kununua, uliswali istikhara?"

"Niliswali."

"Kabla ya kutuma pesa au baada?"

Alawi aliangalia chai yake. Ile ni sala ya mtu anayemwomba Mungu amchagulie kabla hajaamua. Yeye aliswali usiku, wakati pesa imekwisha kufika kwa Farhan tangu magharibi.

"Baada," alisema.

"Basi hukuomba ushauri, Baba Kudra. Ulipeleka taarifa."

Alimwacha na maneno hayo akaenda kumwaga taka.

Alawi alibeba vipande vitatu kwenye kikapu akaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kijana yule alikigeuza kipande, akakikwaruza kwa bisibisi, akakitupia kwenye mizani.

"Elfu kumi na nane kwa kilo, mzee."

"Nilinunua elfu sitini! Tazama mhuri. Tazama huyu tembo."

"Mimi tembo simpimi. Napima shaba. Na utaniletea risiti, mzee wangu, maana siku hizi ukinunua shaba kiholela unaambiwa umeyeyusha nyaya za watu."

Alawi alirudisha vipande kikapuni. Akiwa njiani alimpigia Farhan.

"Usiuze, baba!" Farhan alisema. "Hiyo ni bei ya chakavu. Kuna watu watakuja kununua vipande hivi kama vilivyo, vikiwa safi. Vumilia mpaka Machi."

"Msafara ni Januari, mwanangu."

"Basi mwende mwakani."

Farhan hakusema kwa ubaya, na Alawi hakumjibu kwa ubaya. Lakini alipofika nyumbani alimkuta Nusrat anashuka ngazi mbili za uani kinyumenyume, ameshika ukuta, kama mtoto anayejifunza. Alimngoja mpaka akafika chini, kisha akaingia ndani.

Baada ya Adhuhuri aliswali istikhara, safari hii bila kuamua lolote. Hakumwambia Mungu bei. Alisema tu: ikiwa kuviuza ni heri, nifanyie wepesi, na ikiwa kuvishikilia ni heri, nifanyie wepesi, nami niridhishe. Alibaki ameinamisha kichwa kwa muda, akasikia moyo umetulia kidogo, kama mota inayozimwa.

Alitarajia ndoto. Siku ya kwanza alilala kama jiwe. Ya pili vilevile. Ya tatu, kabla hata hajamaliza kunywa uji, simu ililia.

"Kamwene, fundi!" Alikuwa Jailos. "Mota imeungua tena."

"Hii ya tatu tangu mavuno, Jailos."

"Nawe ndiye unayeisuka. Ama unasuka vibaya, ama mashine yangu imerogwa."

"Nakuja. Usimlipe mganga kabla sijafika."

Kule Igawa, Alawi aliifungua ile mota sakafuni, kwenye vumbi la pumba. Alipoinua kifuniko hakuhitaji kipimo. Katika koili za mota, theluthi mbili zilikuwa nyeusi kama mkaa, theluthi moja ilikuwa nyekundu na safi kabisa, kana kwamba moto uliambiwa usiguse hapo.

"Njoo uone," alimwita Jailos. "Mota yako inataka njia tatu za umeme. Moja inakatika, mbili zinabeba mzigo wote, zinaungua. Sikusuka vibaya. Njia moja inakukimbia."

"Umejuaje?"

"Shaba inaeleza. Ikiungua inaeleza yote yaliyoipata."

Alipolisema hilo akapitisha kidole kwenye koili nyeusi. Miezi saba alikuwa akiibembeleza shaba imwambie yatakayokuja, nayo haikumwambia kitu. Yaliyokwisha kutokea ilimweleza kwa kutazamwa tu.

Wakaufuata waya ukutani mpaka kwenye maungio. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuviringishwa utepe wa plastiki, umeyeyuka, unanuka. Mtikisiko wa mashine ulikuwa unalegeza maungio yale kila siku. Jailos alikiri kwamba hata mashine za jirani zake zimeungwa hivyohivyo, na fundi aliyewaungia amehamia Songea.

"Inahitaji shaba nene," Alawi alisema. "Kipande kizima, kitobolewe, kila waya ufungwe na bolti yake. Vinauzwa Dar, vya kuagiza."

Kwa wakati ule alizima umeme wote ili angalau alifunge kwa bolti ungio lililopo. Bolti ilikuwa nyembamba, ikapwaya. Alipapasa mfukoni mwa koti akitafuta washa, ile pete ya chuma inayokaa chini ya bolti, akagusa zile senti kumi za mkoloni. Alikuwa amezichukua kumwonyesha Jailos. Akatoa moja, akaipitisha kwenye bolti kupitia tundu lake, akakaza. Ilikaa sawasawa. Mkono wake ulikuwa umefanya hivyo wenyewe, kwa sababu alipokuwa mwanafunzi wa ufundi kwa marehemu mzee Yotamu, kopo zima la senti zile lilikuwa la washa. Pesa ilikuwa imekwisha thamani, lakini bolti haikujua.

Alawi akabaki ameishika spana hewani.

"Vipi, fundi? Umeona nyoka?"

"Kesho nakuja na vipande vitatu," alisema polepole. "Sio vya Dar."

Kesho yake vipande vitatu vilikuwa juu ya meza ya kazi pale Igawa, tembo wametazama juu. Alawi aliweka ncha ya drili kwenye kipande cha kwanza, akaiondoa, akaiweka tena. Akikitoboa, hakuna atakayekinunua kama kilivyo, si Machi, si kamwe. Alifikiria ngazi mbili za uani.

"Bismillahi," alisema, akabonyeza.

Shaba ilitoka ikijiviringisha kama maganda ya kiazi, laini na ya moto. Matundu manne kila kipande. Akavifunga juu ya vikombe vya kauri visivyopitisha umeme, ndani ya sanduku la chuma, kila njia ya umeme na kipande chake, akakaza nyaya moja moja. Baada ya kurudisha mota aliyoisuka upya usiku kucha, Jailos aliwasha. Mashine iliingia kwa sauti moja nzito, haikukohoa.

Jailos alisikiliza kwa dakika nzima. "Nikulipe nini?"

"Ufundi ni uleule. Na kila kipande elfu sitini, bei niliyonunulia."

"Na tembo?"

"Tembo ni bure."

Habari ya mashine isiyokohoa haikuhitaji redio. Jirani wa Jailos, mzee Abrahamu, alikuja mchana uleule kuchungulia sanduku. Wiki ile Alawi alifunga mashine nne. Iliyofuata, sita. Alikwenda Rujewa, akaenda Ubaruku, akalala kwa wateja wa Kilutheri waliomtafutia mkeka wa kusalia na kumwonyesha upande wa Kibla kwa kukisia kutokana na jua. Kudra alipopiga simu ya picha, Farhan aliinamia kioo akaona meza.

"Baba! Umetoboa tembo!"

"Matundu manne, mwanangu."

"Lakini thamani yake..."

"Subiri," Alawi alisema, akaisogeza simu karibu na mashine ili mkwewe asikie ikinguruma.

Mashine kumi na tisa zilichukua vipande hamsini na saba. Siku nane kabla ya mwisho wa kulipa, Alawi alimkabidhi katibu wa msafara pesa yote iliyobaki. Vipande vitatu vya mwisho alivifunga kwenye pampu ya maji ya udhu ya msikiti. Hivyo hakutoza.

Nusrat alifagia chini ya kitanda, ufagio ukapita moja kwa moja mpaka ukutani. Akacheka peke yake.

Siku mbili kabla ya safari, Farhan alipiga simu. Bei ilikuwa imepanda, kama alivyosema.

"Sisemi kukuumiza, baba. Nasema tu ili ujue sikukudanganya."

"Najua hukunidanganya. Ulikisia vizuri." Alawi alijitazama moyoni kwa uaminifu, kama anayetafuta waya uliokatika, akakuta hakuna panapouma. "Mama yako amepaka dawa magoti, anafanya mazoezi ya kutembea uani. Mara saba, kwenda na kurudi. Njooni mtuage."

Basi la msafara lilisimama Igawa kwa dakika kumi. Jailos alikuwa anangoja kando ya barabara na mfuko wa mchele mpya.

"Kwani Makka hawapiki wali?" Nusrat aliuliza dirishani.

"Wanapika, shemeji, ila si wa kwetu Mbarali. Fundi, niombee na mimi huko. Mvua inyeshe, radi ipige kwa jirani."

"Kwa jirani pia nimefunga mashine!"

"Basi ipige mtoni."

Basi likaondoka. Nyuma ya maduka mashine zilikuwa zinakoboa, nyingi kwa pamoja. Mbele kidogo likaanza kuyapita malori yanayoelekea bandarini, moja nyuma ya jingine, mizigo imefunikwa maturubai.

"Baba Kudra, shaba hiyo. Huhesabu?"

Nusrat alimgeukia. Alawi alikuwa amefumba macho, tasbihi inapita vidoleni, midomo inatembea taratibu. Alikuwa anahesabu, lakini si malori. Nusrat akanyoosha magoti yake chini ya kiti cha mbele, akatoa tasbihi yake, akaanza na yeye.