Mkono Uliokaza Kichujio

Nilitaka kuamini ni uvutano. Kwa miezi minane nilipima nuru inayopita kando ya nyota mfu, nzito ajabu, inayozunguka kama pia. Nuru hutetemeka ikisafiri, na nyingine hutetemeka upande mmoja tu, kama kamba ya nguo ukiitikisa juu chini. Uzito mkubwa hivyo unaweza kuugeuza upande huo, kidogo mno. Kidogo hicho nilikuwa nimekipata, na nilitembea kifua mbele.

Kichujio, kioo kinachopitisha nuru inayotetemeka upande mmoja tu, alikiweka mume wangu, fundi wa mitambo wa kituo chetu. Kila alasiri alikizungusha kwa mkono hadi kwenye alama, akakaza skrubu, akatia tarehe daftarini. Mwezi wa tano akafariki. Ubongo. Daktari alisema ugonjwa ulimvamia ghafla, nami nikaling'ang'ania neno hilo, kwa sababu la ghafla halina wa kulaumiwa.

Jana mkuu wangu aliitazama grafu yangu, akavua miwani.

"Dada, mgeuko huu unakua kila wiki. Nyota imeongeza uzito?"

"Haijaongeza."

"Basi ni kichuj—" Akakumbuka kilikuwa mikononi mwa nani. "Pole, dada. Pole sana."

Pole yake niliiacha mezani. Nilichukua daftari nikarudi nyuma, tarehe kwa tarehe, nikililinganisha na grafu. Hadi tarehe kumi na moja mwezi wa kwanza kichujio kilikaa sawasawa. Tarehe kumi na mbili, kimepotoka robo digrii. Mwezi wa tatu, digrii nzima, na tarakimu zake zimeanza kulewalewa kwenye mistari. Miezi minne mkono wake ulitetemeka, na kila nilipomuuliza habari alisema, "Mzima kama chuma, mke wangu."

Siku hiyo ya kumi na mbili naikumbuka. Skrubu moja ilimchukua dakika ishirini. Nilisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Leo umezeeka? Fanya haraka bwana, nyota haikungoji wewe."

Alicheka, akatia mikono mfukoni. Mimi nikampita, nikaikaza mwenyewe, wala sikumtazama usoni.

Ugunduzi wangu umekufa, na ufe. Ripoti inadai sababu ya kosa. Mkono wake siuandiki. Nimeandika kwamba aliyekuwa karibu naye kila siku hakuangalia, nikatia sahihi jina langu.